Chumvi, kengele ama shaba nzito? Dawa za metali za feng shui tukizilinganisha kwa nyumba ya kupanga Nairobi

Kila Februari ikifika, kwa sisi tunaofuata feng shui, ile elimu ya Kichina ya kupanga nyumba ili nguvu zake zikae sawa, swali ni lile lile, niweke chumvi na sarafu, ninunue kengele za upepo, ama kitu kizito cha shaba kinatosha, na majibu mengi unayopata yameandikwa na watu wa Singapore ama California ambao nyumba zao hazina grili kila dirisha na hawana keateka wa kuwauliza mbona kuna mtungi wa maji nyuma ya mlango. Mimi nimepanga hapa Nairobi kama wengi wenu, so nitaziweka hizi dawa kando kwa kando nikifikiria fleti ya kawaida, bedsita, na wale wenye ploti yao huko Kitengela. Bangalo la Runda lina wataalamu wake.

Kwanza tuelewane dawa inatibu nini, juu nimeona watu wananunua metali kwa sababu ni "feng shui" tu, halafu wanaitundika popote kuna msumari. Elementi ni tano: mti, moto, udongo, metali na maji. Mti unalisha moto, moto unaacha jivu ambalo ndilo udongo, udongo unazaa metali, metali inavuta maji (chupa ya chuma iliyotoka friji vile hutoa jasho), na maji yanalea mti. Huo ndio mzunguko wa kuzaana. Kuna wa kukabana pia, metali inakata mti, mti unapasua udongo, udongo unazuia maji, maji yanazima moto, moto unayeyusha metali. Hiyo miwili kila mtu anaijua. Ya tatu ndiyo watu wanairuka na ndiyo tunayoihitaji hapa: mtoto humnyonya mama. Metali ni mtoto wa udongo, so ukiwa na udongo mbaya mahali hauupigi vita, unauwekea metali iunyonye polepole mpaka nguvu zishuke.

Na udongo mbaya ni upi? Kwa wale wa nyota zinazohama, mkondo wa feng shui unaoipa kila pembe ya nyumba nyota yenye namba, 1 hadi 9, nyota namba 2 ni ya ugonjwa na namba 5, ile ya manjano, ni ya mikosi na kukwama, zote mbili ni udongo, na kila mwaka zinahamia pembe nyingine ya nyumba. Kwa 2026 namba 5 iko kusini na namba 2 iko kaskazini magharibi. 2027 namba 5 inaenda kaskazini na namba 2 inaenda magharibi. Huo mwaka wanaouhesabu unaanza karibu tarehe 4 Februari, si Januari mosi, na wala si ile sikukuu ya Wachina ya mwaka mpya ambayo 2026 ilikuwa 17 Februari. Ukihamisha vitu vyako mapema mwezi wa Januari umeharakisha bure.

Hapa kuna kitu lazima niseme juu huwa inawachanganya watu. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, na kuna walimu wengine, hasa wa kule Australia, wanaosema ukiwa kusini mwa dunia unageuza ramani, yaani moto ambao pembe yake ni kusini uende kaskazini, na maji ya kaskazini yaje kusini. Wengi wa mkondo wa zamani hawageuzi, wanasema dira ni dira popote ulipo. Mimi nafuata hao wa zamani, na sababu yangu ni rahisi sana: sisi tuko karibu na ikweta kiasi kwamba Juni jua liko upande wa kaskazini na Desemba liko upande wa kusini, sasa utageuza ramani mara ngapi kwa mwaka? Chagua upande mmoja ukae nao. Kitu kibaya ni kuchanganya, nusu ya nyumba umefuata huyu na nusu umefuata yule.

Tukija kwa dira yenyewe, hapo ndipo nyumba zetu zinasumbua. Simu ukiishika karibu na mlango wa chuma ama dirisha la grili, mshale unazunguka unavyotaka. Hata nondo ndani ya ukuta na friji vinaivuta. Simama katikati ya chumba, weka simu mbali na kava yenye sumaku, pima sehemu kadhaa, halafu utumie akili: kama fleti yako inaona vilima vya Ngong na simu inakwambia hapo ni mashariki, simu inadanganya, juu Ngong kwa mtu aliye mjini iko kusini magharibi. Ama amka tu asubuhi uone jua linatokea dirisha gani. Ukikosea pembe, dawa nzuri ya bei mbaya inakaa mahali pasipo na ugonjwa, na mbaya zaidi inaweza kunyonya kitu kizuri. Mwaka huu wa 2026 nyota namba 8 iko mashariki, na hiyo pia ni udongo lakini ni udongo wa baraka na mali. Metali haichagui, ikikaa hapo itaunyonya huo pia.

Sasa tuzilinganishe.

Tuanze na maji ya chumvi kwa sababu ndiyo inasifiwa kuliko zote na ndiyo inatesa watu kuliko zote. Unachukua mtungi wa kioo ama wa udongo uliochomwa, si wa plastiki na si wa chuma, unajaza chumvi ya mawe robo tatu, unapanga juu yake sarafu sita za Kichina za shaba ya manjano, halafu unamwaga maji mpaka juu na unaacha wazi. Sita ni kwa sababu namba 6 ndiyo ya Qian, ile pembe ya kaskazini magharibi ya mbingu na baba, na ni metali. Sarafu zenyewe zina tundu la mraba katikati, duara ni mbingu na mraba ni ardhi, na upande wenye maandishi manne ndio unaoangalia juu, ule wenye maandishi mawili ya Kimanchu unalala chini. Chumvi usihangaike, ile ya mawe ya kawaida inayotoka pwani huko Gongoni na Malindi inafanya kazi sawa na ile ya waridi ya kutoka ng'ambo inayouzwa kwa supamaketi kama dhahabu.

Halafu unasubiri na hapo ndipo sinema inaanza. Wiki za kwanza hakuna kitu. Halafu unaona mstari mweupe juu ya maji, kwa ndani ya kioo. Ukirudi baadaye mstari umepanda, umefika mdomoni, na siku moja unakuta chumvi imevuka na inateremka kwa nje, ngumu, yenye vidole vidole, na maji ya ndani yameanza kuwa ya kijani kibichi kinachoelekea bluu. Watu wa feng shui watakwambia hiyo ni nishati mbaya imenaswa. Ukweli wa kawaida ni kwamba maji yanatambaa kupitia chumvi iliyokwisha kukauka, yanafika juu, yanakauka nayo, yanaacha chumvi nyingine mbele, na ile rangi ni shaba inaliwa na chumvi. Sisemi haina maana, nasema ujue itatokea kila mahali, hata kwa nyumba isiyo na nyota yoyote mbaya, so usianze kupima mikosi yako kwa urefu wa chumvi.

Kinachoiangusha Nairobi si imani, ni mazingira. Hewa yetu ya juu huku ni kavu, hasa Januari na Februari jua likiwaka, maji yanaisha haraka na lazima uongeze. Ile chumvi inayomwagika inakula kila chuma iliyo karibu, na sisi tuna fremu za milango za chuma, so ukiweka nyuma ya mlango bila sahani kubwa chini utakuta fremu ina kutu na siku ya kuhama mwenye nyumba anakata dipoziti. Tailizi nazo zinabaki na alama. Kama una mtoto anayetambaa ama paka, sahau kabisa. Na haifai kuguswa guswa, inatakiwa ikae kimya mwaka mzima, sasa kwa bedsita ambapo hata ndoo inahamishwa kila asubuhi, utaiweka wapi isiguswe?

Halafu kuna hili ambalo vitabu vya ng'ambo haviligusi. Mgeni. Mama wa kanisa anakuja kukuombea nyumba, anaenda kuosha mikono, anaona nyuma ya mlango wa bafu mtungi wa maji ya kijani yenye chumvi na sarafu za maandishi asiyoyajua. Unadhani utamweleza mzunguko wa elementi tano hapo? "Mwanangu, hii umepewa na nani?" ndiyo swali, na baada ya hapo jibu lolote utakalotoa, habari zako zimeshafika kwa mamako kijijini kabla hajafika stejini. Kwa wengi wetu hiyo peke yake inatosha kuitoa maji ya chumvi kwa orodha, na sioni aibu kuihesabu kama kigezo, dawa inayokufanya uishi na wasiwasi nyumbani kwako haijakusaidia.

Kengele za upepo ni tofauti kabisa kwa hilo. Hakuna mtu atakuuliza, ni pambo, iko kwa kila duka la zawadi. Ya dawa ni ile yenye mirija sita ya metali iliyo wazi ndani, ile ya mianzi, makombe ama mbao haina kazi hapa, hizo ni mti. Nguvu yake ni mlio. Walimu wengi wanasema metali inayosogea na kulia ina nguvu kuliko iliyolala, ndiyo maana hata saa kubwa ya ukutani yenye pendulumu ya chuma inahesabiwa kama dawa (nyingi za sasa pendulumu ni plastiki iliyopakwa dhahabu, angalia kabla hujalipa).

Lakini fikiria fleti yako. Ndani hakuna upepo, so kengele inaning'inia tu kimya isipokuwa mtu mrefu akiigonga na kichwa. Ukiitoa kwa balconi kuna upepo, lakini balconi ziko tatu zimepangana, na jirani anayefanya kazi usiku Industrial Area hatakuvumilia. Ukiiweka chini karibu na geti, hiyo ni skrapu inayoning'inia. Mnakumbuka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya skrapu nchi nzima baada ya nguzo za stima kuhujumiwa, sasa mtu anayefungua nguzo ya stima ataachaje mirija yako ya shaba? Kwa mwenye ploti yake Kitengela ama Syokimau, upepo upo wa kumwaga na ukuta upo, hapo kengele inafaa kweli.

Chumba cha kulala usiweke. Mlio wa saa nane usiku haujawahi kumsaidia mtu yeyote. Na kwa 2026 kuna tatizo lingine. Kwa kalenda ya Wachina mwaka huu ni wa Farasi, na Farasi anakaa kusini, so yule Tai Sui, mungu wa mwaka ambaye kanuni ni kutomsumbua, amekaa pembe ile ile na namba 5. Kanuni ya pembe hiyo ni usichimbe, usigonge, usipige drili. Sasa wewe umemwita fundi apige drili kusini mwa sebule atundike kengele ya kutuliza kusini mwa sebule! Kuna wanaosema mlio wenyewe unaiamsha ile nyota badala ya kuinyonya, wengine wanasema ni lazima ulie ndio ufanye kazi, huo mjadala hauishi leo. Mimi kwa mwaka huu niko upande wa kimya.

Ndiyo tunakuja kwa shaba nzito iliyotulia, na nitasema wazi tangu hapa kwamba hii ndiyo ningemwambia mtu achukue kama amenipigia simu na hana muda. Ni kitu chochote cha shaba ya manjano ama shaba nyekundu, kizito, kinachokaa mahali bila kelele. Wachina wana kile kibuyu cha shaba wanachokiita wu lou, ni cha nyota namba 2 hasa, cha ugonjwa, kinawekwa kando ya kitanda. Umbo ni kibuyu, ndugu wa kile cha mursik ila chenye kiuno katikati, na wanatumia hata cha mmea kilichokaushwa, ila cha mmea hakina metali so kwa kazi hii tunataka cha shaba. Lakini hulazimiki kununua cha Kichina. Dele la kahawa la watu wa pwani, lile lenye mdomo mrefu, ni shaba na ni zito. Sinia la shaba. Kengele ya mkononi, taa za mafuta na zile lota za maji ambazo Wahindi wanatumia kwa ibada, unazipata maduka ya Ngara na Parklands, na nyingi zinauzwa kwa uzani, na hiyo ndiyo dalili njema, muuzaji anayepima kwa kilo ana hakika ya anachouza. Mafundi wa Kamukunji ni hodari lakini wao wanafanya kazi na mabati na chuma, usiende kuwatafutia shaba huko.

Beba sumaku. Kasumaku kadogo ka mlango wa friji kanatosha. Kuna siku Gikomba jamaa ananionyesha chombo kinang'aa mpaka unajiona:

"Madam, hii ni brasi orijino, ya kutoka Dubai."

Nikatoa sumaku, ikanata tap.

"Aah, hiyo ni chini tu, juu ni brasi."

Alikuwa hadanganyi kabisa, juu kulikuwa na brasi, nyembamba kama rangi ya kucha. Shaba halisi, iwe nyekundu ama ya manjano, haishikwi na sumaku. Ikishikwa, ndani ni chuma. Sasa chuma nayo si metali? Ni metali, na ukipenda itumie, lakini usiilipe bei ya shaba, na usiiweke kabisa kwa maji ya chumvi, itaoza. Alumini pia haishikwi na sumaku, ila hiyo utaijua kwa mkono, ni nyepesi.

Udhaifu wa shaba iliyotulia ni miwili mitatu hivi. Ni ya polepole, wanasema. Inahitaji uzito, kikombe kidogo kwa sebule kubwa ni mapambo tu. Inapoteza rangi, na wengi wanataka ing'ae, basi ndimu na majivu, kama walivyosugua vyombo zamani, suuza na ukaushe. Na mwanzo inauma mfukoni kuliko chumvi, tena sana, ila chumvi unaitupa kila mwaka na shaba unahama nayo.

Sarafu peke yake, zile sita zilizofungwa kwa uzi mwekundu, ni za kupita haraka. Kwa nyota kubwa ni nyepesi mno, nazipenda kwa droo ama juu ya fremu ya mlango kama nyongeza. Wanaozijua wanatafuta za wafalme watano wa kwanza wa ukoo wa Qing waliotawala China nzima, Shunzhi, Kangxi, Yongzheng, Qianlong na Jiaqing, za kweli zina umri, nyingi za sokoni ni nakala na nakala nyingine zinanata kwa sumaku. Shilingi moja yetu je? Inanata pia, ndani ni chuma. Lakini kama una mzee nyumbani muulize kama aliweka zile senti za mkoloni zenye tundu katikati, senti kumi na ndururu, zile kubwa za hudhurungi. Hizo ni shaba nyeusi ya kweli, duara, na tundu tayari lipo. Tundu ni la mviringo si mraba so mtu wa msimamo mkali atakataa, mimi nazihesabu, metali ni metali, na zimepita mikononi mwa watu wako.

Halafu kuna wale wa rangi na maumbo, shuka nyeupe, zulia la kijivu, meza ya duara, fremu za fedha. Hiyo inasaidia kupanga nyumba ikae sawa, lakini haitoshi kwa namba 5. Na hapa ndipo swali la usawa wa elementi linapokuja, kwa sababu fleti mpya za Kilimani na Kileleshwa zimejengwa metali tupu tayari: kuta nyeupe, tailizi za kijivu, kabati za kijivu, reli za stenlesi, mlango wa chuma. Mtu anaingia humo anahisi baridi, anasoma kuhusu dawa za metali, anaongeza metali. Huyo anahitaji mti na moto kidogo, mimea miwili mirefu upande wa mashariki, pazia lenye rangi, taa ya mwanga wa joto, halafu ile shaba moja tu pale pembe mbaya ilipo.

Ninaulizwa pia kama grili na mabati hazihesabiki, yaani nyumba nzima imezungukwa na chuma, si namba 5 ingekuwa imekufa kitambo? Nionavyo mimi, grili iko pande zote sawa, so haibadilishi uzani wa pembe moja dhidi ya nyingine. Dawa inafanya kazi kwa kuongeza kitu mahali ambapo hakipo kwingine.

Sasa vile ningechagua kwa 2026, chumba kwa chumba. Kusini ni gumu zaidi, kwa sababu kusini ni nyumba ya moto, moto unazaa udongo, so namba 5 iko kwa mama yake inalishwa. Kwanza toa moto wa ziada hapo: mishumaa, mto mwekundu, taa kali inayowaka kutwa. Halafu shaba nzito, nzito kweli, juu ile nyepesi moto wa pembe hiyo unaimeza. Kama kusini ndiko kuna jiko la gesi huwezi kulihamisha, basi shaba isikae juu ya jiko wala kando ya moto, moto unayeyusha metali hata kwa maana yao ya elementi, iweke kwa rafu ya mbali ama dirishani. Kama ndiko kuna kitanda, sogeza kitanda kama chumba kinaruhusu, na bedsita mara nyingi inaruhusu kuliko watu wanavyodhani, kuta ni nne.

Kaskazini magharibi ni rahisi. Hapo namba 2 imeingia nyumba ya metali, pembe yenyewe inainyonya, kibuyu kimoja cha shaba ama sarafu zako sita zinatosha. Kama baba wa nyumba analala pembe hiyo wengine huongeza, juu hiyo ni pembe ya baba, sina shida na hilo. Ila ugonjwa ukiwepo mtu aende kliniki, shaba haipimi malaria.

Magharibi usiguse na metali mwaka huu hata kama umesoma kwamba magharibi ni pembe ya metali. Imekaliwa na namba 3, mti wa ugomvi na kesi, na pembe yenyewe ni metali, so wanapigana tayari. Ukiongeza kengele za upepo hapo umewaletea mapanga. Namba 3 inanyonywa na moto, kitambaa chekundu ama taa, yaani dawa tofauti kabisa. Kusini magharibi kuna namba 7, ambayo yenyewe ni metali, ya wizi, hiyo inanyonywa na maji.

Kwa mtu wa bedsita Roysambu: shaba moja nzito kusini, kwisha. Kwa familia yenye watoto wadogo South B ama Umoja: shaba, juu ya kabati wasikofika, na kengele kama mnazipenda iwe pambo la pembe nyingine isiyo na nongwa. Kwa mwenye boma lake na upepo: kengele za mirija sita nje ya nyumba lakini ndani ya ukuta wa boma, kwa mwaka ambao hakuna Tai Sui pembe hiyo. Kwa anayekaa peke yake, ana stoo ama kona ya kufulia ambayo hakuna anayeingia, hana paka, na anataka ile dawa wanayoiita kali kuliko zote: basi aweke chumvi, na sahani kubwa chini, mita moja kutoka kwa chuma chochote.

Na huyo wa chumvi Februari 2027 ikifika, vitu vinahama kaskazini. Shaba unaiosha na maji safi, unaikausha, unahama nayo. Mtungi wa chumvi hauhami, unatupwa wote na sarafu zake, unafungwa kwa karatasi nzito ndani ya mfuko ili mtu wa taka asijikate, na yale maji ya kijani yanaenda kwa bomba la choo na maji mengi nyuma yake. Usimwage kwa maua ya keateka pale chini, chumvi itayakausha wiki hiyo hiyo na yeye anajua kila mtu aliyeshuka na ndoo.